Nusu ya Jiwe Iliyobaki Porini

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye mkutano wa wachimbaji wadogo pale Chunya mjini, mkoani Mbeya. Wengi mlikuwa maduarani, kwenye mashimo ya kuchimbia, hamkuweza kufika, mkaomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa kwenye makarasha, mitambo yetu ya kutwangia mawe, vijana mliotoka Makongolosi, Saza na Itumbi, poleni na vumbi la njiani.

Kabla sijasema lolote, naomba hili jiwe lizunguke. Anza nalo wewe mama hapo mbele, kisha mpe jirani. Lishikeni, ligeuzeni, lipelekeni kwenye mwanga. Ni la mviringo kama mpini wa jembe, limepasuliwa katikati kwa msumeno, na kwenye ule upande bapa mtaona vichembe vya njano vinang'aa. Kila anayelishika ajiulize moyoni: humu kuna dhahabu au hamna? Msijibu sasa. Likifika mwisho lirudi hapa mezani.

Mwenyekiti ameniita kwa lile jambo mnalolijua wote. Wamepita watu hapa wanasema kuna eneo la utafiti limelala ndani kabisa ya pori, upande unaoshuka kuelekea Rukwa. Wanasema Wazungu walichoronga, yaani walitoboa mwamba kwa mtambo, wakaikuta dhahabu, wakaondoka. Sasa mchange fedha, mlinunue. Na nasikia kuna ambao wameshauza ng'ombe.

Sijaja kuwakataza. Nimekula ugali wa miamba karibu miaka 30. Kama ningekuwa mtu wa kuwakataza watu wasitafute dhahabu, ningekwenda kufundisha chekechea. Nimekuja na swali moja tu, na nitalirudia mpaka mchoke. Hao wanaowauzia wanawasimulia kilichokutwa. Wewe umewauliza: hao Wazungu kwa nini waliondoka?

Niwape kisa changu mwenyewe.

Mwaka 1996 nilikuwa kijana nimetoka chuoni, nikaajiriwa na kampuni moja ya utafiti. Kambi yetu ilikuwa porini huko huko mnakoambiwa, miombo mitupu, hakuna kijiji, redio ya upepo asubuhi na jioni. Mbung'o walikuwa wanatoboa kaki kama sindano. Tuliambiwa tusivae bluu kwa sababu mbung'o wanaipenda bluu, na mpishi wetu alikuwa na shati moja tu. La nini? La bluu. Yule bwana alipika miezi mitatu amejifunika blanketi.

Tukachimba mitaro kukata kilima, mtaro baada ya mtaro. Kila mita unabandua mwamba, unatia kwenye mfuko, unaandika namba. Baadaye ukaja mtambo wa kuchoronga. Mtambo unakunywa maji kama ng'ombe mia, na mwezi wa tisa mito yote ya kule ni mchanga mkavu, kwa hiyo boza lilikuwa linaenda kilomita 18 kufuata maji na kurudi. Maji yalitugharimu kuliko mishahara yetu. Kinachotoka kwenye tundu ndicho hicho mnachokipitisha, wachorongaji wanakiita kori. Tunaipanga kwenye masanduku marefu, mita kwa mita, kama mtu anavyopanga miwa. Kisha tunaipasua kwa msumeno katikati. Nusu inakwenda maabara. Nusu inabaki kwenye sanduku.

Nusu inabaki kwenye sanduku. Naomba mliweke hilo kichwani, nitalirudia.

Majibu ya tundu la tatu yakaja kwa redio usiku. Mita 2 zenye gramu 11 za dhahabu kwa kila tani ya mwamba. Nyinyi mnajua gramu 11 ni nini. Tulicheza ngoma, tukachinja mbuzi wa watu. Kesho yake tukasogeza mtambo mita 25 tu, kwenye mwamba ule ule, mwelekeo ule ule. Majibu: gramu 0.3. Tukahamia upande wa pili, mita 25. Gramu 0.2. Mbuzi tumeshamla.

Wazee hapa wanatikisa vichwa kwa sababu wanaujua mwamba wa Lupa, eneo letu hili la dhahabu. Mawe haya yana umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Ardhi ilipasuka, maji ya moto yakapita kwenye nyufa yakiwa yamebeba dhahabu, yakaiacha humo pamoja na lile jiwe jeupe la kwatzi. Lakini hayakuimwaga sawasawa kama mtu anayemwagilia bustani. Yalitupa hapa fungu, pale fungu, katikati hakuna kitu. Mtu akija na jiwe moja lenye gramu 60, anaweza kuwa hasemi uongo hata kidogo. Jiwe lile lina gramu 60. Jirani yake halina kitu. Na wewe hununui jiwe, unanunua kilima.

Sasa, kambi yetu haikufungwa kwa sababu ya yale majibu peke yake. Tulikuwa bado na fedha za matundu mengine 20. Ilifungwa kwa sababu ya pori jingine, ng'ambo ya bahari, ambalo hakuna aliyekuwa amelisikia pale kambini.

Kuna mahali panaitwa Busang, Indonesia, kwenye kisiwa cha Borneo. Msitu mnene, mvua, mito, siku nzima ya kusafiri kufika. Kampuni ndogo ya Kanada iitwayo Bre-X ilikuwa inachoronga huko tangu mwaka 1993. Kila baada ya miezi michache inatangaza: tumepata zaidi. Tumepata zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1997 wakafika wakia milioni 70. Wakia moja ni gramu 31 na kidogo, pigeni wenyewe. Ile kampuni ya mfukoni ikawa na thamani ya dola za Kanada zaidi ya bilioni 6. Wastaafu wa Kanada waliweka humo akiba zao za uzeeni. Serikali ya Indonesia na kampuni kubwa za dunia ziligombea mlango.

Kisha kampuni kubwa ya Marekani, Freeport, ikaomba jambo dogo sana kabla ya kuingia ubia. Ikasema: tunaomba tuchoronge wenyewe, pembeni kabisa ya matundu yenu. Mkikuta dhahabu, nasi tutaikuta, si ndiyo?

Walikuta nini? Karibu na bure.

Machi 1997, mjiolojia mkuu wa pale porini, Michael de Guzman, alianguka kutoka kwenye helikopta akiwa njiani kwenda huko huko Busang kujibu maswali. Mwezi Mei wakaguzi huru walitoa ripoti: sampuli zilichezewa, na kwa kiwango ambacho hawakuwahi kukisikia duniani. Walijuaje? Waliiangalia dhahabu yenyewe kwa darubini. Punje za dhahabu ya mwambani zina kona. Zile zilikuwa za mviringo, zimesuguliwa na maji. Dhahabu ya mtoni! Mtu alichukua dhahabu ya karai akainyunyiza kwenye unga wa jiwe lisilo na kitu, kwa miaka mitatu, sampuli kwa sampuli, maelfu.

Akina mama wa kwenye mialo, mnaoosha mchanga wa dhahabu, nyinyi mngewakamata ndani ya dakika tano. Punje ya mtoni mnaijua kwa macho. Lakini mabenki hawakuwaita.

Na sasa nisikilizeni hapa. Desturi ya kazi yetu ni ipi? Nimewaambia: nusu maabara, nusu sandukuni. Busang walifanyaje? Walisaga yote. Hawakupasua kori, waliitwanga karibu yote na kuipeleka maabara, wakasema dhahabu ya pale ina tabia ya kuruka-ruka, hapa ipo, pale haipo, hivyo ni lazima itwangwe nyingi. Watu wenye shahada walilikubali neno hilo. Hakuna nusu iliyobaki ya kukagua kwa maana. Jiwe lenyewe lilikwisha, likabaki karatasi.

Kwa hiyo mtu akija kwako na karatasi za kampuni iliyoondoka, usianze na karatasi. Muulize: nusu iko wapi? Nipeleke kwenye masanduku. Nionyeshe tundu.

Baada ya Busang, matajiri wa Toronto na Vancouver, kule Kanada, waliokuwa wanatoa fedha za utafiti, walifunga pochi kwa wote, wakweli na waongo. Na bei nayo ikatupiga teke: ilikuwa karibu dola 400 kwa wakia mwanzoni mwa mwaka 1996, mwisho wa mwaka 1997 iko chini ya 300, mwaka 1999 ikafika karibu 250. Kampuni yetu ikafungasha. Siku ya mwisho nilipewa kazi ya kuziba matundu kwa saruji. Unachomeka bomba la plastiki, unamwaga saruji, na ikiwa bado mbichi unachora namba kwa msumari. Mimi na msumari wangu, matundu tisa.

Mwaka 2014 nilirudi. Sikuwa natafuta dhahabu, nilikuwa napita kwa kazi nyingine, nikamwomba mzee mmoja mrina asali, Mkimbu, anielekeze. Yeye alipaita "kwenye mabomba". Tulitembea tangu alfajiri. Barabara yetu ya boza ilikuwa imeota miti ya unene wa paja. Tukakuta bomba la kwanza kwenye majani, saruji ina ukungu, nikafuta kwa kiganja: tatu. Mwandiko wangu mwenyewe. Lile la mbuzi.

Masanduku? Ya mbao yote mchwa walikuwa wamemaliza. Kori zilikuwa zimelala chini kwa mistari, kila mstari ulipokuwa ubao, kama kuni ambazo mtu alizipanga akasahau kuja kuzichukua. Masanduku machache yalikuwa ya bati, yamefunikwa, na moja lilikuwa linanguruma. Nyuki. Mzee akafurahi kuliko sisi usiku wa gramu 11. Akawasha moshi, akafungua kifuniko, akatoa sega lililojengwa katikati ya mawe. Alipomaliza kulamba vidole akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo nyie mlikuja mpaka huku, na lile gari la maji, kuhifadhi mawe?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilichukua kori tatu, moja ndiyo hiyo inazunguka. Iko wapi sasa? Safu ya nne? Haya, endeleeni.

Sasa mtaniambia: mzee, bei ya leo si ya mwaka 1999. Kweli kabisa, na hapa ndipo wauzaji wana hoja, nisiwadanganye. Mwaka 2011 ilipita dola 1,900, mwaka 2025 imevuka 4,000. Maeneo yaliyoachwa kwa sababu ya bei yana haki ya kuangaliwa upya. Mfano mnaujua: Geita. Ule mgodi wa zamani ulichimbwa kuanzia mwaka 1936 ukafungwa mwaka 1966. Dhahabu iliisha? Haikuisha! Tangu mwaka 1934 bei ilikuwa imefungwa dola 35 kwa wakia, na ilikaa hapo hadi mwaka 1971. Mishahara inapanda, dizeli inapanda, chuma kinapanda, dhahabu 35. Dhahabu 35. Dhahabu 35. Mgodi gani utapumua? Saza yetu hapa, iliyokuwa ya pili kwa ukubwa nyuma ya Geita wakati wa ukoloni, ilifungwa mwaka 1956, nayo ilikuwa inabanwa na bei hiyo hiyo. Geita ikalala miaka zaidi ya 30, ikaamka mwaka 2000 ikiwa shimo la wazi ambalo ukisimama ukingoni, lile lori kubwa kule chini ni kama mende.

Lakini jiulizeni Geita iliamshwa na nini. Iliamshwa na matundu. Walichoronga upya kwa miaka kabla ya kuhamisha koleo moja la mwamba wa kuuza. Bei inabadilisha hesabu, haibadilishi jiwe. Lile tundu la gramu 0.2 bado ni gramu 0.2 hata dhahabu ikiuzwa kwa roho ya mtu.

Na hesabu ni rahisi. Fuso la tani 10. Mwamba wa gramu 3 kwa tani, ambao mwenye mitambo mikubwa anaushangilia. Fuso zima lina gramu 30, hata wakia moja haijatimia. Sasa toa Fuso hilo porini, kilomita 60 za njia ambayo haipo. Dizeli. Karasha. Maji. Na hizo gramu 30 hutazitoa zote.

Hutazitoa zote, na hili ndilo linalowaua wengi kimya kimya. Juu, kwenye udongo mwekundu uliooza, dhahabu iko huru. Zebaki inaishika, karai inaionyesha. Ukishuka ukafika kwenye maji, mwamba unabadilika rangi, unakuwa wa kijivu, unanuka kiberiti ukiuponda. Hapo dhahabu nyingi imejificha ndani ya pairaiti, lile jiwe la njano linalong'aa kama dhahabu, na zebaki haiioni. Mnatwanga mwamba uliopimwa gramu 8 mnapata 2, mnamshuku mwenye karasha kuwa mwizi. Safari nyingine siyo mwizi jamani. Wazee wetu wa miaka ya 1930 waliokuwa wanachimba kwa mikono pande hizi waliacha mashimo mengi pale pale maji yalipoanzia. Mkikuta shimo la zamani limeishia kwenye maji, mmeshapata nusu ya jibu la swali langu. Marudio ya namna hiyo, yaani mabaki ya mwamba uliokwisha kutwangwa, yanataka mtambo wa sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, na mtambo unataka mtaji na wataalamu.

Nasikia kijana hapo nyuma anasema Mjerumani aliificha. Nilijua tu! Hakuna mkutano wa dhahabu Tanzania usio na Mjerumani. Basi niwape ya kweli. Mjerumani alikuwa na mgodi Sekenke, kule Iramba, tangu mwaka 1909. Vita ilipokuja, amezingirwa, meli hazifiki, dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, na mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, wakagonga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Takriban 16,000. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora. Sarafu hizo leo wanauziana wakusanyaji Ulaya kwa mnada, ziko kwenye makabati yenye kioo. Mtu aliyebanwa na vita aliitumia dhahabu yake kulipia vita. Angeifukia chini ya mbuyu wa nani? Anayekuuzia ramani ya rupia, mwulize kama ana na shamba mwezini.

Yaliyobaki nayapitia haraka, kwa sababu Mwenyekiti anaangalia saa.

Mkienda kulitazama hilo eneo, shimo la zamani msishuke kwa ushujaa. Matimba, zile nguzo za mbao za kushikilia shimo, za miaka 80 yameshageuka unga, na hewa nzito inakaa chini kama maji kwenye mtungi, huioni, huinusi. Nilishashuhudia ndugu wawili, wa pili akimfuata wa kwanza. Sitaki kulisimulia hilo hapa.

Karatasi: kampuni ikirudisha leseni, inatakiwa kuacha taarifa zake serikalini. Nendeni Dodoma, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, mkaombe ripoti za eneo hilo kwa namba ya ramani. Kuna ripoti tangu enzi za Mwingereza. Nauli ya basi na siku mbili za kukaa ni nafuu kuliko ng'ombe mmoja. Kisha ofisi ya Tume ya Madini, muone ramani ya leseni: eneo liko wazi, au lina mwenyewe? Na kama ni hifadhi ya msitu, hiyo ni safari nyingine ya vibali. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania, ni haki yenu. Lakini madini ni ya Jamhuri, kwa hiyo anayekuuzia "kilima chake" bila leseni anakuuzia upepo.

Na kabla ya mchango, pelekeni watu watatu wenu, siyo wao, na mama mmoja wa mialo awemo. Waokote nusu za masanduku wenyewe, wazifunge wenyewe, walale nazo, wazipeleke maabara mbili tofauti. Mwenye eneo la kweli hatakasirika. Atawapikia chai.

Hayo ndiyo niliyokuja nayo. Jiwe langu sasa. Limefika wapi? Maana nilisema mtajibu mwishoni. Wanaosema lina dhahabu wanyooshe mikono. Eh! Ukumbi mzima. Haya, kipande kilichokuwa kimeshikana nalo kilipimwa: gramu 0.04 kwa tani. Hizo zinazong'aa ni pairaiti, chuma na kiberiti. Limetoka tundu la saba, mbali na lile la mbuzi.

Basi lirudisheni mezani. Safu ya nne mlikuwa nalo. Mlimpa nani? Mwenye kofia ya njano? Hapana, ndugu yangu, sisemi ni wewe. Mama pale mlangoni, kuna mtu ametoka? Ndugu Mwenyekiti, naomba tusubiri kidogo kabla ya sala ya kufunga.

Mpaka naandika haya, halijarudi.